Ngiri ya kiwambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hukutana na ngiri hii kwenye karatasi ya majibu. Mtu amekwenda kupimwa kwa sababu ya kiungulia kisichoisha, au amepigwa picha ya kifua kwa jambo jingine kabisa, kisha anarudi nyumbani na jina la ugonjwa ambalo hakuna aliyemfafanulia. Usiku huo halali, anatafuta majibu kwenye simu. Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yake. Kuwa na ngiri ya kiwambo hakumaanishi kwamba unaumwa. Kinachotibiwa ni madhara inayoleta, na madhara hayo hutegemea sana aina ya ngiri uliyo nayo.

Ngiri ya kiwambo ni nini hasa?

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ndio unaoshuka kila tunapovuta pumzi. Umio, yaani njia inayoteremsha chakula kutoka kooni, hupita kwenye tundu la msuli huo kabla ya kuungana na mfuko wa chakula. Tundu likilegea na kupanuka, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupenya na kupanda kifuani. Hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo, ambayo wengine huiita henia ya haiatasi.

Uhusiano wake na kiungulia uko hivi. Mwisho wa umio kuna kilango cha msuli kinachofunguka chakula kikipita na kujifunga baadaye. Kiwambo nacho hukikaza kilango hicho kwa nje, hasa tunapokohoa, kuinama au kunyanyua kitu. Ni walinzi wawili wa mlango mmoja. Ngiri ikitokea walinzi hao hutenganishwa: kilango hupanda kifuani na kiwambo hubaki chini, kila mmoja akifanya kazi peke yake. Shinikizo la ndani ya tumbo ni kubwa kuliko la kifuani, kwa hiyo asidi husukumwa juu. Tena, kile kipande kilichopanda hubaki na asidi baada ya mlo, jirani kabisa na umio, tayari kupanda kilango kikilegea kidogo tu.

Ni sawa na ngiri ya kinena au ya kitovu?

Hapana. Zile hutokeza uvimbe unaoonekana na kushikika. Hii iko ndani, huwezi kuiona wala kuipapasa. Mkanda wa kukaza tumbo hausaidii hata kidogo, bali huongeza shinikizo na kuzidisha kiungulia.

Kuna aina ngapi, na yangu ni ipi?

Swali hili ndilo la kwanza kumuuliza daktari, na inasikitisha kwamba wagonjwa wengi huondoka bila kulijua jibu lake.

Aina ya kwanza ni ngiri ya kuteleza. Maungio ya umio na mfuko wa chakula huteleza juu ya kiwambo, mara nyingi yakipanda na kushuka kutegemea mkao wa mwili. Takriban 95% ya ngiri zote za kiwambo ni za aina hii. Tatizo lake kubwa ni asidi kupanda, basi. Haijikunji, wala si rahisi ibanwe.

Aina ya pili, ya tatu na ya nne huwekwa kundi moja, yaani ngiri za pembeni mwa umio. Katika aina ya pili, maungio hubaki mahali pake lakini sehemu ya mfuko wa chakula hupanda kando yake. Aina ya tatu ni mchanganyiko wa ya kwanza na ya pili, na ndiyo inayoonekana zaidi katika kundi hili. Katika aina ya nne, tundu limepanuka kiasi kwamba kiungo kingine, kwa mfano utumbo mpana, nacho kimepanda kifuani. Hatari ya kundi hili ni kwamba mfuko wa chakula unaweza kujisokota na kukosa damu. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea ni dharura.

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema "nina ngiri ya kiwambo" huku hali zao zikiwa mbali kabisa. Kama karatasi yako imeandika ukubwa kwa sentimita bila kutaja aina, rudi uulize.

Nimeipataje?

Mara nyingi hakuna sababu moja. Kadiri umri unavyosonga, utando unaoshikilia umio kwenye kiwambo hupoteza uimara wake, na ndiyo maana ngiri hii huonekana sana kwa watu waliovuka miaka 50. Juu ya hapo kuna mambo yanayoongeza shinikizo tumboni: uzito mkubwa hasa wa tumbo, ujauzito, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo na kujikamua, na kunyanyua mizigo mizito kwa miaka. Uti wa mgongo uliopinda nao huchangia. Wachache huzaliwa nayo, au huipata baada ya ajali au upasuaji wa eneo hilo.

Haiambukizi. Haitokani na chakula fulani wala msongo wa mawazo, ingawa msongo unaweza kukufanya uhisi kiungulia kwa ukali zaidi.

Dalili zake ni zipi?

Wengi wenye ngiri ndogo hawana dalili yoyote. Wenye dalili huanza kwa kiungulia: moto unaotoka kwenye chembe cha moyo na kupanda kifuani, hasa baada ya kula, wakiinama au wakilala. Wapo wanaocheua maji machungu au makali hadi kinywani. Wengine hupiga mbweu kila mara, hushiba kwa matonge machache, au huhisi chakula kimekwama nyuma ya kifua.

Kuna dalili nyingine ambazo watu hawazihusishi na tumbo. Kikohozi kikavu cha usiku kisichosikia dawa za kikohozi, sauti kukwaruza asubuhi, kuamka ghafla umepaliwa, pumu inayozidi ukilala. Asidi ikifika kooni au kwenye njia ya hewa huleta haya yote, hata bila kiungulia chenyewe. Ngiri kubwa huweza pia kubana mapafu, na mtu akahema kwa shida baada ya mlo mkubwa.

Nimetibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka. Inawezekana tatizo ni hili?

Inawezekana kabisa. Maumivu yoyote ya chembe cha moyo hupewa jina la vidonda vya tumbo, mara nyingi bila kipimo, na mgonjwa huzunguka na dozi zilezile mwaka hadi mwaka.

Vidonda vya tumbo ni michubuko kwenye ukuta wa mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mdogo. Kwa kawaida husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Bakteria huyo hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Ngiri haina bakteria wa kuua. Ukimeza antibiotiki mara tatu kwa ajili ya ngiri hutapona, utaambulia madhara ya dawa.

Kinachochanganya ni kwamba dawa za kupunguza asidi hutuliza matatizo yote mawili, kwa hiyo mtu akipata nafuu huamini kuwa alikuwa na vidonda. Dalili nazo hufanana, ingawa si moja kwa moja. Maumivu yanayokaa palepale kwenye chembe cha moyo huelekeza zaidi kwenye vidonda; moto unaopanda na kuzidi ukiinama au kulala huelekeza kwenye asidi inayopanda. Hata hivyo huwezi kuamua kwa hisia peke yake, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Kama umetibiwa zaidi ya mara moja na tatizo linarudi, omba kipimo cha kamera kabla ya dozi nyingine.

Nina maumivu ya kifua. Nitajuaje kama ni ngiri au moyo?

Usijaribu kujua peke yako. Umio na moyo vimekaa jirani na hisia zao hupita njia za neva zinazokaribiana, kiasi kwamba hata daktari huhitaji kipimo cha umeme wa moyo ili kuvitenganisha.

Nenda hospitali mara moja ukihisi kifua kimekandamizwa, maumivu yakienea mkononi, begani au tayani, ukitokwa na jasho jembamba, ukikosa pumzi au kuhisi kuzimia. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, shambulio la moyo linaweza kuja kwa sura ya kichefuchefu na uchovu tu. Kupata nafuu baada ya kunywa dawa ya kiungulia si ushahidi kwamba moyo ni mzima. Na kuwa na ngiri iliyothibitishwa hakumkingi mtu na ugonjwa wa moyo. Ukifika hospitali na moyo ukaonekana salama, hujapoteza muda wa mtu yeyote.

Ni dalili zipi nyingine zisizosubiri kesho?

Maumivu makali ya ghafla ya kifua au tumbo la juu yanayoambatana na kujikakamua kutapika bila kutoa kitu. Hii inaweza kuwa dalili ya mfuko wa chakula uliojisokota, na upasuaji huhitajika haraka.

Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na kahawa iliyosagwa. Choo cheusi cha rangi ya lami kinachonata na kunuka vibaya, isipokuwa kama unatumia vidonge vya madini ya chuma, ambavyo navyo hutia choo weusi. Chakula kilichokwama kiasi kwamba hata mate hayapiti.

Kuna pia dalili ambazo si za usiku huohuo lakini zinataka kipimo ndani ya siku chache: kumeza kunakozidi kuwa kugumu, kupungua uzito bila kukusudia, kutapika kila mara, na upungufu wa damu usio na maelezo.

Inapimwaje?

Endoskopi, yaani kipimo cha kamera, hupitisha mrija mwembamba kinywani hadi kwenye mfuko wa chakula. Daktari huona ukubwa wa ngiri, michubuko ya umio na vidonda kama vipo, na anaweza kuchukua kinyama cha kupima. Hudumu dakika chache. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na sehemu nyingi hutoa pia dawa ya usingizi mwepesi. Ukipewa hiyo, usiendeshe gari siku hiyo.

Ngiri ndogo ya kuteleza inaweza isionekane siku ya kipimo kwa sababu imeshuka wakati huo. Kwa ngiri kubwa, eksirei ya bariamu ni bora zaidi: unakunywa uji mweupe unaoonekana kwenye picha, na daktari huona umbo zima la mfuko wa chakula na mahali ulipopenya. Picha ya CT hutumika zaidi panapohofiwa dharura.

Kama upasuaji unafikiriwa, huongezwa vipimo viwili. Kimoja hupima nguvu ya misuli ya umio, kingine huhesabu asidi inayopanda kwa saa 24 au zaidi. Usivione kama usumbufu. Umio dhaifu ukifungwa kwa nguvu, mtu huondoka na shida mpya ya kumeza.

Nibadilishe nini katika maisha ya kila siku?

Anza na usiku. Asidi inayopanda ukiwa umelala hukaa muda mrefu kwenye umio, kwa kuwa humezi mate mara kwa mara na uzito wa kimaumbile hauisaidii kushuka. Kula mlo wa mwisho angalau saa mbili au tatu kabla ya kulala. Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka vipande imara vya mbao chini ya miguu ya kitanda, au tumia godoro la mteremko. Kurundika mito si sawa: hukunja mwili kiunoni, tumbo linabanwa, na asidi inapanda vilevile. Lalia ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo mfuko wa chakula hukaa chini ya umio, ilhali ukilalia kulia mambo hugeuka.

La pili ni uzito, kama umezidi, hasa wa tumboni. Hakuna badiliko lenye ushahidi wenye nguvu zaidi ya hili kwa mtu mwenye kiungulia na uzito mkubwa. Huhitaji kufikia uzito unaoitwa kamili. Wengi huhisi tofauti mapema, kilo chache tu zikishapungua.

Kisha kiasi cha chakula. Mlo mkubwa huutanua mfuko na kukilegeza kilango, hata kama chakula chenyewe ni chepesi. Kula kidogo mara nyingi, tafuna polepole, usinywe maji mengi katikati ya mlo.

Acha sigara, tumbaku hulegeza kilango na hupunguza mate ambayo ndiyo husafisha asidi. Legeza mkanda. Ukitaka kuokota kitu, chuchumaa badala ya kuinama. Kama choo ni kigumu, kitibu, kwa sababu kujikamua kila siku ni kuisukuma ngiri kila siku.

Ni vyakula gani niviache?

Vile vinavyokuumiza wewe. Orodha ndefu za makatazo huwafanya watu waogope chakula na kudhoofika bila sababu. Vinavyolalamikiwa zaidi ni vyakula vya mafuta mengi na vya kukaanga, chokoleti, kahawa, pombe, soda, mnanaa, pilipili, nyanya, vitunguu vibichi na matunda makali kama machungwa na ndimu. Andika kwa wiki mbili ulichokula na ulivyojisikia baadaye, kisha ondoa kinachojirudia. Kama kahawa haikusumbui, endelea kunywa.

Maziwa, magadi, siki, na ile video ya kunywa maji na kuruka visigino?

Maziwa hupoza kwa muda mfupi, kisha protini na mafuta yake huuchochea mfuko wa chakula kutoa asidi zaidi. Magadi hupunguza asidi kweli, lakini yana sodiamu nyingi na hayamfai mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au figo, wala mjamzito. Siki ni asidi; kuimimina kwenye umio wenye michubuko ni kuongeza jeraha.

Kuhusu ile mbinu ya kunywa maji asubuhi na kujiangusha kwa visigino ili ngiri "ishuke": hata kama ngiri ya kuteleza itashuka kidogo, tundu bado liko wazi na itapanda tena. Wapo pia wanaojitolea kuikanda ngiri kwa mikono. Kwa ngiri ya pembeni, kukandwa tumbo kwa nguvu ni hatari. Usikubali.

Dawa zipi hutumika, na zinywewe vipi?

Kuna makundi matatu.

La kwanza ni antiasidi, zile za kutafuna au za maji zenye magnesi, aluminiamu au kalisi. Hufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake huisha mapema. Zipo zilizochanganywa na alginati, ambayo hutengeneza tabaka juu ya chakula na kuzuia asidi isipande. Hizo hufaa sana baada ya mlo.

La pili ni dawa kama famotidini. Husaidia usiku, ila ukizitumia kila siku mwili huzizoea. Ranitidini, iliyokuwa maarufu zaidi katika kundi hili, iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2020 baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kusababisha saratani. Kama bado unayo nyumbani, zungumza na mfamasia.

La tatu, lenye nguvu kuliko yote, ni omeprazoli na ndugu zake: esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli. Hizi huzima pampu zinazotengeneza asidi, lakini huzima zile tu zinazofanya kazi wakati huo, na pampu huamshwa na chakula. Ndiyo maana hunywewa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo, kwa kawaida kifungua kinywa. Ukimeza wakati wa kulala, au pale tu kiungulia kinapokuja, unapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Wengi wanaosema dawa imeshindwa hawajawahi kuinywa kwa saa yake. Dozi ya kawaida huendelea kwa wiki 4 hadi 8, kisha hali hupimwa upya.

Elewa pia mipaka yake. Dawa hizi hupunguza makali ya kinachopanda, hazizuii kupanda kwenyewe. Kiungulia hupoa, lakini mtu anayecheua chakula au kupaliwa usiku anaweza kuendelea kufanya hivyo.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Antiasidi hupunguza ufyonzwaji wa dawa nyingi: kwa mfano dolutegraviri inatakiwa inywewe saa 2 kabla ya antiasidi yenye magnesi au aluminiamu, au saa 6 baada yake. Baadhi ya dawa nyingine za virusi vya UKIMWI, kama rilpivirini, hazitumiki kabisa pamoja na omeprazoli. Anayetumia klopidogreli baada ya tatizo la moyo naye aulize, kwa kuwa omeprazoli hupunguza nguvu yake.

Je, ni salama kutumia omeprazoli miaka mingi?

Kwa mwenye umio uliochubuka vibaya, ndiyo, faida huzidi hatari. Kwa anayeendelea tu kwa sababu hakuna aliyemwambia aache, inafaa kujadiliwa upya. Matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12 na magnesi, maambukizi ya utumbo na kuvunjika kwa mifupa. Hatari hizo kwa mtu mmoja mmoja ni ndogo, na uhusiano si lazima uwe sababu.

Ukiacha ghafla, jiandae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa watu wasio na ugonjwa wowote esomeprazoli kwa wiki 8. Walipoacha, zaidi ya wanne katika kila kumi walipata dalili za asidi ambazo hawakuwa nazo mwanzo. Mfuko wa chakula uliozuiwa hulipiza kwa kutoa asidi nyingi kwa wiki kadhaa. Wengi hudhani ugonjwa umerudi na kurudia dawa maisha yao yote. Punguza taratibu kwa maelekezo ya daktari, na tumia alginati katika kipindi hicho.

Naweza kufanya mazoezi?

Ndiyo, na unapaswa. Kutembea, kuendesha baiskeli na kuogelea ni salama. Subiri saa mbili baada ya kula. Epuka mazoezi ya kukunja tumbo na kunyanyua vyuma vizito huku umebana pumzi. Mazoezi ya kupumua kwa tumbo, kwa utulivu, huimarisha kiwambo, na tafiti ndogo zimeonyesha hupunguza asidi inayopanda. Hayazibi tundu.

Mimi ni mjamzito na kiungulia kinanimaliza.

Pole. Homoni hulegeza kilango na mtoto anasukuma kutoka chini, kwa hiyo hali hii ni ya kawaida hata bila ngiri, na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Alginati na antiasidi za kalisi huanza kutumika kwanza; zisipotosha, daktari anaweza kukuandikia omeprazoli. Maumivu makali ya tumbo la juu baada ya wiki ya 20, hasa yakiwa na kuumwa kichwa au kuona maluweluwe, usiyaite kiungulia: yanaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokaribia. Wahi hospitali.

Inaweza kugeuka saratani?

Ngiri yenyewe haigeuki. Asidi ikiuchoma umio kwa miaka mingi, ngozi ya ndani inaweza kubadilika na kuwa hali iitwayo umio wa Barrett, na hali hiyo huongeza uwezekano wa saratani ya umio. Uwezekano wenyewe ni chini ya 1% kwa mwaka. Wanaofaa kuchunguzwa zaidi ni wanaume waliozidi miaka 50 wenye kiungulia cha muda mrefu, hasa wakiwa na uzito mkubwa, wakivuta sigara au ndugu wa karibu akiwa ameugua saratani hiyo.

Nimekutwa na upungufu wa damu. Una uhusiano?

Unaweza kuwepo, na husahaulika sana. Katika ngiri kubwa, mfuko wa chakula husuguana na ukingo wa kiwambo kila pumzi inapovutwa, na michubuko inayotokea hapo huvuja damu kidogokidogo bila maumivu. Huitwa vidonda vya Cameron, kwa jina la daktari aliyevieleza mwaka 1986. Mtu mzee anayepewa vidonge vya madini ya chuma miezi nenda miezi rudi bila damu kupanda anastahili kipimo cha kamera, na anayepima aambiwe aangalie hasa eneo hilo.

Ni lini upasuaji unahitajika?

Kwa ngiri ya kuteleza, upasuaji hufikiriwa pale dalili zinapoendelea licha ya dawa zinazotumiwa ipasavyo, mtu anapocheua sana, au hataki dawa za maisha. Kwa ngiri ya pembeni yenye dalili, mara nyingi upasuaji hupendekezwa. Isiyo na dalili, hasa kwa mzee, inaweza kuachwa chini ya uangalizi, kwa kuwa uwezekano wa kupata dharura umekadiriwa kuwa takriban 1% kwa mwaka.

Daktari hurudisha mfuko wa chakula chini, hulishona tundu libane, kisha huzungusha sehemu ya juu ya mfuko huo kwenye umio ili kukiimarisha kilango. Mtindo wa kuzungusha kote ulibuniwa na Rudolf Nissen mwaka 1955, daktari yuleyule aliyempasua Albert Einstein mwaka 1948 kwa tatizo la mshipa mkubwa wa damu. Mtindo wa Toupet huzungusha nusu au zaidi kidogo, na huacha nafasi zaidi ya kupiga mbweu. Siku hizi kazi hii hufanywa kwa matundu madogo matano hivi, na wengi hukaa hospitali siku moja hadi tatu. Chagua daktari anayefanya upasuaji huu mara kwa mara na umuulize amefanya mingapi. Si utovu wa adabu.

Nitegemee nini baada ya upasuaji, na je, inaweza kurudi?

Wiki za mwanzo ni za vyakula vya maji na vilaini, kwa sababu mahali palipozungushwa huvimba na kumeza kunakuwa kugumu. Mkate, nyama ngumu na soda husubiri. Tumbo kujaa gesi ni kawaida, na baadhi hubaki na shida ya kupiga mbweu au kutapika kwa muda mrefu. Usinyanyue vizito kwa wiki sita hivi. Ukitapika au kujikakamua kwa nguvu katika siku za mwanzo, piga simu hospitali, kwani nyuzi zinaweza kuachia.

Kurudi kunatokea. Katika ngiri kubwa za pembeni, picha zilizorudiwa baada ya takriban miaka mitano zimeonyesha ngiri ya kiasi fulani kwa zaidi ya nusu ya waliopasuliwa. Usikatishwe tamaa na hilo: wengi wao hawakuwa na dalili, na ni wachache sana waliohitaji kupasuliwa tena. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa hiyo kama kiungulia kimerudi, usikubali kuingizwa chumba cha upasuaji kwa maelezo tu. Kwanza zirudiwe endoskopi na eksirei ya bariamu, na asidi ipimwe, kwa sababu si kila moto wa kifuani baada ya upasuaji ni asidi iliyopanda.